Mshtarii Uani: Mwongozo wa Kupiga Picha za Sayari na Nyota Ukiwa Nyumbani

Damian Peach ni Mwingereza, na ni miongoni mwa wapiga picha za sayari wanaoheshimika zaidi duniani. Zaidi ya mara moja amefunga darubini yake masandukuni, akapanda ndege, akaenda kukaa Barbados, kisiwa kilicho digrii 13 tu kaskazini ya ikweta. Hakufuata ufukwe. Alifuata anga. Kule sayari hupita juu ya utosi, ilhali kwao Uingereza kuna miaka ambayo Mshtarii na Zohali huambaa tu juu ya mapaa ya majirani, kisha zikazama.

Sasa angalia ulipo wewe. Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta, Dar es Salaam karibu 7, Nairobi digrii moja na kidogo, na Kampala imeegemea mstari wenyewe. Ukiwa Dar es Salaam, Mshtarii inapofika kileleni huwa imepanda digrii 60 hivi au zaidi kutoka upeo wa macho, mwaka wowote ule. Anachokifuata mwenzako kwa nauli ya ndege, wewe unacho uani, penye kamba ya nguo na ndoo za maji.

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye hajawahi kupiga picha hata moja ya sayari. Hauhitaji utajiri. Unahitaji kujua mambo machache na kuyafuata kwa mpangilio.

Ujue kwanza unachokiwinda

Mshtarii ni kubwa kuliko sayari zote za Jua. Upana wake unakaribia kilomita 143,000. Lakini kwa umbali iliopo, upana huo unaonekana kama sarafu ya sentimita 2.5 iliyowekwa ng'ambo ya pili ya uwanja wa mpira. Wanaastronomia hupima udogo huo kwa sekunde za tao. Digrii moja ina sekunde 3,600. Mwezi una upana wa sekunde 1,800 hivi, na Mshtarii ikiwa karibu nasi ina 45 au zaidi kidogo. Yaani ungehitaji Mshtarii 40 kuzipanga kutoka ukingo mmoja wa mwezi hadi mwingine.

Kati yako na sarafu hiyo kuna hewa, na hewa haitulii. Ndiyo inayozifanya nyota zimetemete. Ukitazama sayari kwa darubini utaona kama unatazama shilingi iliyolala chini ya kijito: inacheza, inafifia, inavimba, halafu ghafla, kwa nukta moja, maji yanatulia na unaiona sawasawa hadi mistari yake. Kisha inavurugika tena.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Picha nzuri ya sayari haipigwi mara moja. Unarekodi video yenye maelfu ya fremu, halafu unazipepeta kama mchele kwenye ungo: chuya na mawe pembeni, punje safi zibaki. Fremu zile chache zilizonaswa hewa ikiwa imetulia ndizo zinazorundikwa moja juu ya nyingine zikawa picha. Ukilielewa hili, utaacha kulaumu kamera yako, na hutamwamini muuzaji kirahisi.

Anza na kilichopo

Nilinunua darubini yangu ya kwanza kwa sababu boksi lake lilikuwa limeandikwa "mara 525". Ilikuwa na kioo cha milimita 76, na stendi yake ilitikisika hata mtu akipita ukumbini. Sikujua kanuni ambayo ningeambiwa na yeyote mwenye uzoefu: darubini haiwezi kukuza kwa maana zaidi ya mara mbili ya upana wa kioo chake kwa milimita. Kioo cha 76 mwisho wake ni mara 150. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kununua chochote, tumia ulicho nacho.

Kama una simu tu, anza na mwezi. Usingoje uwe mpevu. Mwezi mpevu unamulikwa usoni, hauna vivuli, na picha yake hutoka bapa kama sahani. Upige siku ya saba au ya nane tangu uandame, ukiwa nusu. Kwenye mpaka wa mwanga na giza, milima na mashimo yake hutupa vivuli virefu, na hapo ndipo sura yake inapojitokeza. Weka jicho la simu kwenye tundu la darubini, au hata la darubini ya macho mawili iliyokazwa kwenye stendi, gusa mwezi kwenye kioo cha simu, kisha punguza mwanga mpaka uone mashimo. Zima urembo wote wa kamera. Simu nyingine huujazia mwezi madoa ambayo lenzi haikuyaona, na hiyo si picha yako tena.

Kama una kamera yenye lenzi ya milimita 200, una jambo zuri zaidi la kufanya. Ikaze kwenye stendi, weka ISO 800, acha mwanga uingie kwa nusu sekunde, na tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Ielekeze Mshtarii. Sayari yenyewe itatoka kama doa jeupe lililojaa mno, lakini kando yake utaona vinukta vilivyojipanga kwenye mstari: miezi yake Io, Europa, Ganimedi na Kalisto. Kesho yake piga tena saa ileile. Vimehama. Io huizunguka Mshtarii kwa saa 42 tu. Mwezi Januari 1610, huko Padua, Galileo alichora vinukta hivyohivyo usiku baada ya usiku, na michoro yake ikawa ushahidi kwamba si kila kitu mbinguni kinaizunguka Dunia. Picha zako tano zilizopangwa kwa safu zitasema jambo lilelile.

Ukiamua kununua darubini

Kwa fedha ya mtu wa kawaida, chaguo langu ni darubini ya kioo yenye upana wa milimita 150, iliyokalia kitako cha mbao kinachozunguka. Aina hii ya kitako huitwa Dobson, kwa jina la John Dobson wa San Francisco, aliyeieneza akitaka watu wa mtaani wajitengenezee darubini kwa mbao na vipande vya kawaida. Haina umeme, haina mota, na fundi seremala anaweza kuitengeneza ikivunjika.

Kuna sababu nyingine ya kuipenda, na hii vitabu vya Ulaya havitakuambia. Stendi nyingi za kisasa zinazofuata nyota hutakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga. London ncha hiyo iko juu, digrii 51, na nyota ya Kaskazini imeketi pale kama alama. Kwetu ncha imelala chini kwenye upeo wa macho: digrii 7 kusini ukiwa Dar es Salaam, digrii moja ukiwa Nairobi. Imefichwa na nyumba, miembe na vumbi. Stendi nyingi hata hazishuki hivyo. Chuma cha uzani hugonga mguu wa stendi kabla hujafika. Ukikuta mtu anauza stendi ya namna hiyo, muulize kwanza inashuka hadi digrii ngapi.

Kwa kamera, tafuta ile ndogo ya sayari inayochomekwa mahali pa lenzi ya jicho na kuunganishwa na kompyuta kwa waya. Hesabu ya kuilinganisha na darubini ni nyepesi. Chukua upana wa pikseli ya kamera kwa maikroni, zidisha kwa 5. Jibu ndilo uwiano wa fokasi unaoutafuta. Kamera yenye pikseli za 2.9 inataka uwiano wa 14 au 15. Darubini ya milimita 150 yenye urefu wa fokasi wa 1,200 ina uwiano wa 8. Ongeza lenzi ya Barlow ya mara mbili, unapata 16. Inatosha. Kwa mpangilio huo Mshtarii itachukua pikseli 180 hivi kwa upana: ndogo kwenye kioo cha kompyuta, lakini mikanda yake na Doa Jekundu vitaonekana.

Uani penyewe

Hewa inayokuharibia picha si ile ya juu tu. Nyingine iko hatua tatu kutoka ulipo. Mabati na sakafu ya zege hushiba jua mchana kutwa, na usiku hutema joto hilo mpaka saa nne au tano. Kwa hiyo usiweke darubini juu ya zege kama una sehemu ya nyasi au udongo, na usiipige sayari iliyo juu ya paa la jirani. Ngoja ipande.

Itoe darubini nje saa nzima kabla ya kuanza. Kioo kilichotoka chumbani kina joto, na joto hilo huchemka ndani ya bomba kama mvuke kwenye sufuria. Wakati unangoja, kagua kama vioo vyake vimenyooka. Lenga nyota angavu, vuruga fokasi kidogo, utaona duara zilizopangana kama kitunguu kilichokatwa. Zikiwa katikati moja, vioo viko sawa. Zikiegemea upande, zungusha skrubu za kioo kikubwa taratibu mpaka zirudi katikati.

Fokasi nayo inataka ujanja. Kata boksi la karatasi ngumu kwa ukubwa wa mdomo wa darubini, ulitoboe mianya katika mafungu matatu: moja mianya imesimama wima, mengine mawili imeinama huku na huku. Kifuniko hiki kimeitwa kwa jina la Mrusi Pavel Bahtinov. Kikiwa mdomoni, nyota angavu itaonyesha alama ya X yenye mstari unaopita kati. Mstari ukikaa katikati kabisa ya X, fokasi imekamilika. Kitoe, rudi kwenye sayari, usiguse tena.

Sayari ikiwa utosini kabisa, kitako cha Dobson hukataa kugeuka vizuri. Ipige ikiwa digrii 50 hadi 75, kabla haijafika au baada ya kupita. Mwanga wa mji usikutishe: Mshtarii hushinda taa zote za barabarani.

Kurekodi

Programu za SharpCap na FireCapture huendesha kamera kutoka kwenye kompyuta mpakato. Kwa Mshtarii, weka muda wa fremu kuwa milisekunde 10 hadi 15, kisha pandisha geini hadi histogramu, yaani grafu ya mwanga, ifike asilimia 70 hivi. Isifike ukingoni, la sivyo sehemu angavu zitaungua. Zohali ni hafifu zaidi. Ipe milisekunde 25 au 30.

Bila mota, sayari haitulii kwenye kioo. Anga husogea sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa, na kwa mpangilio tulioueleza juu Mshtarii itavuka kioo chote kwa nusu dakika hivi. Usipigane nayo. Iweke ukingoni inakoingilia, ondoa mkono, anza kurekodi, iache ipite. Irudishe, rekodi tena. Ukipata fremu 60 kwa sekunde, mapito manne yanakupa fremu 7,000 na ushei.

Lakini usizidishe muda. Mshtarii hujizungusha mara moja kwa saa 10 kasoro kidogo, kasi kuliko sayari zote. Ukirundika video ya dakika kumi, madoa yake yatakuwa yamehama na picha itapakaa. Dakika mbili au tatu kwa kila picha zinatosha. Kwa mapito ya Dobson maana yake ni kufanya haraka, mapito yote ndani ya dakika hizo.

Kupepeta

Sasa ingia ndani. Kazi iliyobaki ni ya mezani. Programu tatu zinakutosha, zote za bure.

1. PIPP huichukua sayari popote ilipo kwenye fremu na kuiweka katikati. Kwa mwenye Dobson, hii ni lazima.

2. AutoStakkert! hupima ubora wa kila fremu, huzipanga kutoka nzuri hadi mbaya, kisha hurundika zile unazozitaka. Anza na asilimia 20 ya juu. Usiku wa hewa mbovu, chukua 10.

3. RegiStax hunoa picha iliyorundikwa. Ina vidhibiti kadhaa vya kutelezesha. Sogeza cha kwanza na cha pili pole pole.

Kwa nini kurundika? Kila fremu ina chengachenga, na chengachenga hizo hazifanani kati ya fremu moja na nyingine. Zikirundikwa, hufutana. Hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu: fremu 100 huzipunguza mara 10, fremu 900 mara 30. Baada ya hapo picha inavumilia kunolewa. Ukinoa mno, sayari itapata ukingo mweupe kama ganda la yai na mikanda itakuwa kama michirizi ya kalamu. Ukifika hapo, rudi nyuma hatua mbili.

Njia Nyeupe na nyota zinazotembea

Kwa nyota mambo yanageuka. Sayari hunaswa mjini. Njia Nyeupe inataka giza. Mwenyeji wa kijijini ana bahati hapa, na wa mjini naye hupata nafasi yake umeme ukikatika mtaa mzima.

Kitovu cha Njia Nyeupe, kati ya makundi ya nyota ya Nge na Mshale, hupita juu sana kwetu. Mwezi Juni na Julai kiko juu karibu na saa sita za usiku. Agosti na Septemba unakiona mapema baada ya giza kuingia. Ni majira ya ukavu sehemu nyingi za Tanzania na Kenya, kwa hiyo anga na kalenda vimepatana. Chagua siku zilizo karibu na mwezi mwandamo.

Muda wa kuacha mwanga uingie huhesabiwa hivi: 500 gawanya kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya 24 kwenye kamera ya sensa kubwa hupata sekunde 20 hivi. Kwenye kamera ya sensa ndogo, zidisha kwanza urefu wa lenzi kwa 1.5. Ukizidisha muda, nyota zitarefuka kama punje za mpunga. Simu nyingi zina menyu ya kitaalamu: weka ISO 1600 au 3200, sekunde 10 hadi 15, na faili ghafi, zile zilizoandikwa RAW. Iegemeze simu kwenye mfuko wa mchanga. Piga picha 30 mfululizo bila kuigusa, kisha zirundike kwa Siril au DeepSkyStacker. Ni ungo uleule.

Ukipenda michirizi ya nyota, piga picha 120 za sekunde 30 kila moja, uziunganishe. Ndani ya saa moja nyota zitakuwa zimechora tao la digrii 15. Ulaya huwa wanapata miduara mikubwa inayoizunguka nyota ya Kaskazini. Ukiwa pwani ya kwetu ukielekea baharini mashariki, utapata kitu wasichokijua: nyota zinazotoka majini na kupanda wima, karibu zimenyooka kama milingoti.

Tarehe za kushika

Sayari hupigwa vizuri zaidi Dunia inapokuwa katikati yake na Jua, maana hapo iko karibu nasi na hukaa angani usiku kucha. Zohali itafika hapo mapema Oktoba 2026. Pete zake zilitugeuzia ubavu Machi 2025 zikawa kama uzi, na sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka. Februari 2027 ni zamu ya Mshtarii na Mirihi, zote ndani ya mwezi mmoja. Mirihi itakuwa ndogo mara hii, sekunde 14 hivi za tao, chini ya theluthi ya Mshtarii. Lakini ikishapita, utaingoja miezi 26 mingine.

Tahadhari

Usielekeze darubini, kamera wala jicho kwenye Jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mdomoni mwa bomba, mbele kabisa. Jicho hupofuka kabla halijahisi maumivu. Mchana darubini ikiwa nje, ifunike, hasa penye watoto.

Adui wa pili ni unyevu. Pwani umande hutua kwenye lenzi kabla ya usiku wa manane, na lenzi iliyofungiwa na unyevu huota ukungu usiotoka. Vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe. Viweke kwenye mfuko wa kamera. Lenzi ikilowa usiipanguse kwa shati. Ipulizie hewa ya uvuguvugu, ikauke yenyewe.

Adui wa tatu ni mbu. Vaa mikono mirefu.

Halafu waarifu majirani. Bomba limeelekezwa juu na mtu ameinama gizani saa tano usiku: maswali yatakuja, na mlinzi wa mtaa ana haki ya kuuliza. Waite watazame pete za Zohali kabla hujaunganisha kamera. Baada ya hapo wao ndio watakaokuzimia taa ya nje bila kuombwa.

Andika tarehe

Kwa kila picha andika tarehe, saa na mahali. Tarehe 19 Julai 2009, Anthony Wesley wa Australia, akiwa uani kwake, aliona alama nyeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii. Kitu kilikuwa kimeigonga sayari, na wanasayansi waliokuwa na darubini kubwa kuliko yake mara nyingi walijua kwa taarifa yake. Miaka mitatu kabla, Christopher Go wa Cebu, Ufilipino, alikuwa wa kwanza kuona kwamba doa moja jeupe la sayari hiyohiyo limegeuka jekundu. Cebu iko digrii 10 kutoka ikweta. Tanga iko 5.

Mshtarii haingoji darubini kubwa zipate nafasi. Kukiwa na mawingu Cebu na mchana Australia, huenda anayeitazama ni wewe peke yako. Toa darubini nje mapema, na uhakikishe saa ya kompyuta yako iko sawa.